Malalamiko Yanayopitia kwa Mlalamikiwa

Mwaka 2007 mashamba ya Unilever huko Kericho, Kenya, yalikuwa ya kwanza ya chai duniani kupewa cheti cha Rainforest Alliance, kile chenye nembo ya chura. Mwaka 2011 shirika la utafiti la Uholanzi, SOMO, lilitoa ripoti iliyobeba maneno ya wafanyakazi wa mashamba hayo hayo: wanawake wanaosumbuliwa kimapenzi na wasimamizi wao, kitu kidogo kinachodaiwa ili mtu aandikwe kazi ya kudumu, upendeleo wa kikabila. Kampuni haikukubali kila lililoandikwa, ila ilianza kurekebisha mambo kadhaa, na mwaka 2018 ilitoa pamoja na UN Women mwongozo wa kimataifa kuhusu usalama wa wanawake na wasichana vijijini, uliotokana na yaliyofanyika Kericho. Kisha Februari 2023 ikaja filamu ya BBC. Wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya kampuni mbili, Unilever na James Finlay, walikuwa wamezungumza na watayarishaji wake, na waliyoyaeleza yalifanana mno na ya 2011: msimamizi anataka ngono ndipo akupe kazi, ukikataa utaiona kazi ilivyo ngumu.

Kwa hiyo kuna cheti, ripoti, sera, mafunzo, mwongozo wa kimataifa na miaka 16 katikati. Unilever ilikuwa imeshauza biashara yake ya chai kabla filamu haijaonyeshwa, na ikaeleza jinsi ilivyoshtushwa. Mimi sina sababu ya kuwaita wakubwa wake waongo. Linalonisumbua ni zito kuliko uongo. Kampuni kubwa, yenye idara ya rasilimali watu, wakaguzi wa nje, simu ya malalamiko na maafisa wa ustawi, inawezaje isijue jambo ambalo kila mchuma chai analijua na analizungumza jioni akichota maji?

Jibu langu ni kwamba katika kampuni nyingi kubwa, na katika mashamba ya chai hasa, maoni ya mfanyakazi kuhusu uongozi hayana njia ya kupanda juu isipokuwa ipitie kwa mtu yule yule anayelalamikiwa, au kwa mtu anayemtegemea. Ukiongeza idadi ya njia bila kugusa hilo, unaongeza milango ya chumba kile kile. Kericho inalionyesha hili wazi kuliko mahali pengine ninapopajua, kwa sababu huko mambo manne yamekutana mahali pamoja: malipo kwa kilo, nyumba ya kampuni, msimamizi mwenye mamlaka makubwa, na mnunuzi aliye mbali sana.

Tuanze na msimamizi, ambaye wafanyakazi wengine bado humwita mnyapara. Kwa mtu wa nje ni kiongozi mdogo tu, anayewasimamia watu kadhaa asubuhi hadi jioni. Kwa mchuma chai ndiye kampuni yenyewe. Ndiye anayegawa mistari ya chai alfajiri, na kugawa mistari si jambo dogo mahali ambapo mtu hulipwa kwa kilo za majani aliyochuma. Kuna mistari ambayo chipukizi zimesimama vizuri, majani mawili na kichomozo, mkono unashika na kuvunja bila kutafuta. Kuna mistari iliyochumwa juzi, au iliyo kwenye mteremko wa mawe, au iliyopigwa na mvua ya mawe, ambapo utainama saa nzima kikapu kisijae. Wawili walioamka saa ile ile, wenye mikono ya kasi moja, watafika kwenye mizani na uzito tofauti, na hakuna karatasi itakayoonyesha kwa nini. Kwenye kitabu itasomeka tu kwamba mmoja ni hodari na mwingine mzembe.

Mamlaka hayaishii hapo. Msimamizi ndiye husema majani haya ni makomavu, yatoe kwenye kikapu. Akiwa na moyo mwema, mjamzito au mwenye homa humpeleka kwenye kitalu cha miche au kwenye palizi badala ya kumbebesha kikapu. Akiwa hana, humwacha kwenye mteremko. Msimu wa vibarua ukiisha, yeye ndiye anayesema nani aitwe tena. Anayeomba ruhusa ya kwenda msibani anaanzia kwake. Hata mizani ya kielektroniki, iliyoletwa ili kuondoa malalamiko ya karani kupunguza kilo, imesahihisha kosa moja tu katika mlolongo huo. Inapima kwa haki kilichofika; haijui ni nani aliyepewa mistari mizuri.

Sasa mweke mwanamke mahali hapo, awe anamlea mtoto peke yake, na msimamizi amemtamkia anachokitaka. Akikataa, hatafukuzwa kesho. Atapewa mistari mibaya kwa wiki tatu. Kilo zake zitashuka, ataonywa kwa uzembe, onyo litaandikwa, na kila karatasi itakuwa halali. Akienda kulalamika atakuwa ni mfanyakazi mwenye rekodi mbaya anayemsingizia bosi wake. Hii ndiyo sababu siamini kwamba suala hili ni la wanaume wachache waovu waliojipenyeza katika mfumo mzuri. Mfumo huu unampa mwovu chombo ambacho hakiachi alama, na unampa mwema kazi ya kujizuia kila siku bila mtu wa kumshukuru.

Niseme pia upande wa meneja, maana naye ana hoja. Meneja wa shamba lenye maelfu ya watu hawezi kumjua kila mmoja. Hutegemea wasimamizi kama macho yake, na msimamizi anayeleta majani mengi kwa gharama ndogo ndiye anayesifiwa kwenye mkutano wa mwezi. Kuna malalamiko ya uongo pia, na mtu anayetuhumiwa ana haki ya kusikilizwa kabla hajafutwa. Bei ya chai hupanda na kushuka bila kumuuliza meneja. Yote hayo ni kweli. Lakini yanaeleza ni kwa nini meneja hapati habari, na hayawezi kuwa sababu ya kuridhika kwamba habari hazipo.

Njia za kulalamikia hazikosekani. Kuna sanduku la maoni, ambalo kwa kawaida hukaa ofisini, mahali ambapo kila anayekaribia huonekana. Kuna namba ya simu ya siri, lakini siri hudumu hadi kampuni ianze kuchunguza: mara tu msimamizi akiitwa kuhojiwa kuhusu jambo lililotokea siku fulani katika shamba fulani, anajua ni nani aliyepiga simu. Kuna afisa wa ustawi, anayelipwa na kampuni na anayekula meza moja na mameneja. Na kuna mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, ambaye naye ni mchuma chai mwenye mistari ya kupangiwa. Chama hicho kimefanya mambo makubwa. Mikataba ya pamoja kati yake na chama cha wakuzaji chai ndiyo iliyoweka viwango vya mishahara, nyumba na likizo ambavyo kibarua wa shamba dogo la jirani hajawahi kuviota, na mwaka 2016 mahakama ya kazi iliamua wachuma chai waongezwe asilimia 30, uamuzi ambao kampuni ziliupeleka kwenye rufaa na ambao ulisababisha mgomo mkubwa Oktoba 2017. Katika mishahara, chama kina sauti. Katika jambo linalotokea kati ya watu wawili kwenye kichaka cha chai, sauti hiyo huwa hafifu sana.

Wakaguzi nao huja mchana, kwa taarifa, na huwahoji watu ndani ya ardhi ya kampuni. Mfanyakazi anayeitwa kuhojiwa huonekana na wenzake akiondoka mstarini, na huonekana akirudi. Ukaguzi wa namna hiyo unafaa kuhesabu mitungi ya kuzimia moto, buti na glavu, vyoo na stoo za dawa za kuulia wadudu. Unaweza hata kugundua mtoto aliyeajiriwa. Hauwezi kugundua aibu na hofu, na mashamba ambayo yamekaguliwa tangu 2007 yamethibitisha hilo vya kutosha.

Haja ya kuwasikiliza wafanyakazi wa kampuni kubwa haikuanza jana. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kilichokuwa kikitengeneza vifaa vya simu vya kampuni ya Western Electric, wafanyakazi wapatao 21,000 walihojiwa kati ya 1928 na 1930. Mwanzoni wahojaji walikuwa na maswali yaliyopangwa: mwanga ukoje, msimamizi wako vipi. Wakaona watu wanayakwepa na kuongea mambo yao wenyewe, basi wakabadilisha utaratibu, mtu akaachwa aseme linalomkera kwa muda autakao. Wengi walitoka wakiwa wamefurahi. Wasimamizi walifundishwa kwa kutumia maneno yaliyokusanywa, majina yakiwa yamefutwa. Ni mradi unaostahili heshima, lakini uliacha urithi wa aina mbili. Mmoja ni mzuri: mfanyakazi husema zaidi kwa mtu asiyempangia kazi. Wa pili umetugharimu: watafiti walipendelea kuyaona malalamiko kama dalili ya hali ya moyo wa mlalamikaji, hivyo ikatosha kumsikiliza ili apoe. Madodoso mengi ya kuridhika kazini yanayosambazwa leo na kampuni kubwa, kuanzia benki hadi viwanda vya bia, yamerithi wazo hilo la pili. Yanapima hali ya moyo. Hayamlazimishi mtu yeyote kubadilisha chochote.

Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha 1970, alisema mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili, kuondoka au kusema, na uaminifu wake ndio unaoamua achague ipi. Wazo hilo limewasaidia wengi kuelewa kampuni. Kericho, hata hivyo, njia zote mbili zina ushuru mkubwa. Mchuma chai wa kudumu haishi tu kwa mshahara. Anaishi katika nyumba ya kampuni, kijijini mwa kampuni, watoto wake wanasoma shule iliyo ndani ya mashamba, na akiugua anakwenda zahanati au hospitali ya kampuni. Hizi ni huduma za kweli, na wafanyakazi wengi wanazitaja kwa shukrani wanapoulizwa wanaionaje kampuni yao. Ukiwasikia wakisema afadhali hapa kuliko kwa mkulima mdogo, wanamaanisha. Lakini huduma hizo zimefungwa kwenye ajira kwa fundo moja. Anayemwaga unga anapoteza mshahara, paa, shule na daktari siku hiyo hiyo, na wengi walitoka mbali, Kisii na kwingineko Nyanza, au Magharibi, hawana shamba la kurudia lenye kuwatosha. Kuondoka ni ghali. Na kusema, kama tulivyoona, kunapitia kwa msimamizi. Kinachobaki ni kuvumilia, na kuvumilia huonekana kwenye dodoso kama kuridhika.

Kutosikilizwa huku kuliwahi kuwa jambo la uhai na kifo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 makundi yenye silaha yaliingia katika mashamba ya Kericho na kuwashambulia wafanyakazi wa makabila yaliyohesabiwa kuwa ya upande mwingine wa kisiasa. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa. Walalamikaji 218 walikwenda hadi mahakama za London kuishtaki Unilever, kampuni mama, pamoja na kampuni yake ya Kenya. Walidai miongoni mwa mambo mengine kwamba hatari ilikuwa inajulikana, kwamba vitisho vilikuwa vimefika masikioni mwa viongozi wa shamba kabla ya uchaguzi, na kwamba kampuni iliandaa njia ya kuwaokoa mameneja na mali kuliko wachuma chai. Madai hayo hayakuwahi kusikilizwa kwa ushahidi kamili. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao, kwa kuwa usalama wa mashamba na maandalizi ya dharura yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Kenya yenyewe, wala kampuni mama haikuyaongoza kutoka London.

Sina ugomvi na mantiki ya sheria hiyo. Ila tazama matokeo yake kwa mtu aliye chini. Sifa ya cheti hupanda hadi makao makuu, faida hupanda, hadhi ya nembo hupanda. Taarifa ya hatari na mzigo wa lawama hubaki Kericho, kwa meneja wa eneo. Kadiri makao makuu yanavyojiweka mbali na mambo ya kila siku, ndivyo yanavyokuwa salama mahakamani. Sheria ya namna hiyo inaipa kampuni mama sababu ya kutotaka kujua.

Migongo nayo ina hadithi ya aina hiyo. Wafanyakazi na waliokuwa wafanyakazi wa James Finlay walifungua kesi ya pamoja huko Edinburgh, kwa kuwa kampuni hiyo imesajiliwa Uskoti, wakisema kuinama kwa saa nyingi na kubeba vikapu vizito kumeharibu migongo na shingo zao. Yeyote aliyemwona mwanamke wa miaka 50 akishuka mteremko wa chai mchana, mkanda wa kikapu ukiwa umembana, hahitaji kuelezwa wanasema nini. Kampuni ilipinga, mahakama ya Kenya ikahusishwa, na Novemba 2023 majaji wa Uskoti wakaisimamisha kesi ili kwanza wadai wafuate fidia chini ya sheria ya Kenya ya majeraha ya kazini ya 2007. Huenda uamuzi huo ni sahihi kisheria. Ninachokiona mimi ni umbali ambao lalamiko la maumivu ya mgongo lililazimika kusafiri, kutoka mteremko wa Kericho hadi mahakama ya Edinburgh, ndipo likaandikwa kwenye karatasi ambayo kampuni haikuweza kuipuuza.

Lalamiko lisipopata njia hutafuta njia nyingine. Tangu Unilever ilipoanza kujaribu mashine za kuchumia chai mnamo 2006, wafanyakazi wamekuwa wakisema wazi kwamba hawazitaki. Mwaka 2010 KPAWU iligoma juu ya jambo hilo. Mashine inayobebwa na watu wawili huchuma majani ambayo awali yalihitaji mikono mingi, na wanaopewa kuiendesha wengi ni wanaume, wakati waliokuwa wakichuma wengi ni wanawake. Kikosi kazi kilichoundwa na kaunti ya Kericho kiliripoti mwaka 2023 kwamba nafasi za kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea kwa mashine katika miaka kumi. Mei 2023 vijana wa vijiji vya jirani walivamia mashamba na kuchoma mashine. Polisi wakaja, mtu mmoja akafa, na wengine, wakiwamo polisi wengi, wakajeruhiwa. Nyuma ya moto huo ulikuwapo pia uchungu wa ardhi, kwa kuwa mashamba hayo yamekaa juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis na Watalai enzi ya ukoloni. Kwa kampuni lile lilikuwa suala la usalama. Kwa wanavijiji wengi lilikuwa lalamiko la miaka 17 lililokosa wa kulijibu.

Afrika Mashariki imewahi kujaribu njia iliyo kinyume kabisa. Februari 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma ya Tanzania, na mwaka 1971 chama tawala, TANU, kikatangaza Mwongozo, ambao aya yake ya 15 iliwakataza viongozi ubabe, majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliichukua aya hiyo kwa uzito kuliko walioiandika walivyotarajia. Katika migogoro iliyofuata hadi 1973, ambayo Issa Shivji ameichambua katika kitabu chake cha 1976, mara nyingi mshahara haukuwa dai la kwanza. Walilalamikia lugha ya matusi, upendeleo, meneja anayefukuza ovyo, meneja anayetumia gari la shirika kama lake. Katika viwanda kadhaa meneja alifungiwa nje. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walimfungia nje mwenye mali wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliruhusu kidogo, kisha ikaona hatari, ikawarudisha watu kwenye nidhamu. Wengine walifukuzwa na kurudishwa makwao.

Nakitaja kipindi hicho kwa sababu kinafuta dhana iliyozoeleka sana maofisini, kwamba mfanyakazi wa chini akipewa nafasi ya kusema atadai pesa tu. Walipopewa aya moja ya kuegemea, walisema kwanza kuhusu heshima. Na kinaonyesha udhaifu wa pili: mabaraza yenyewe yalikaa chini ya meneja, yakiwa ya kushauri. Yalipokuwa kimya hakuna aliyeyajali. Wafanyakazi waliposema kwa nguvu, walisema nje ya mabaraza.

Je, ipo njia inayofanya kazi? Ninazifahamu mbili zenye ushahidi wa kuridhisha, na zote mbili zilianza kwa kukubali kwamba kampuni haiwezi kuwa ndiyo inayojisikiliza malalamiko yake.

Ya kwanza ni Lesotho, na inafanana na Kericho hata kwa kosa lenyewe. Katika viwanda vya nguo vya Nien Hsing, kampuni ya Taiwan iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 10,000 huko, wengi wao wanawake, uchunguzi wa shirika la Worker Rights Consortium ulikuta wasimamizi wakidai ngono ili mikataba ya muda iendelezwe. Viwanda hivyo vilikuwa vimekaguliwa mara nyingi kwa niaba ya wanunuzi wakubwa na lisionekane kitu. Wachunguzi hawa walifanya tofauti moja kubwa: waliwahoji wanawake nje ya kiwanda, mahali walipopachagua wao. Agosti 2019 yakasainiwa makubaliano kati ya kampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya Lesotho, na wanunuzi watatu: Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place. Simu ya malalamiko iliwekwa mikononi mwa chama cha wanasheria wanawake, FIDA. Kikaundwa chombo huru cha kuchunguza, chenye uwezo wa kuamua mtu afutwe kazi, na kampuni ikiukataa uamuzi wanunuzi wangepunguza oda zao. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu. Mwanamke aliyepiga simu hakumpigia mtu anayelipwa na bosi wake, na jibu la simu lilikuwa na uzito wa fedha.

Ya pili iko Florida, katika mashamba ya nyanya ya Immokalee, ambako wachuma nyanya, wengi wao wahamiaji, walijenga mpango wa Fair Food ulioanza kwenye mashamba mwaka 2011. Kampuni kubwa za ununuzi, McDonald's na baadaye Walmart zikiwamo, zilikubali kwa mkataba kutonunua kwa mkulima aliyesimamishwa na baraza linalopokea malalamiko. Baraza hilo lina simu inayojibiwa usiku na mchana, na wachunguzi wanaofika shambani ndani ya siku chache. Wasimamizi wamefutwa kazi kwa sababu ya simu zilizopigwa na wachuma nyanya.

Mtu anaweza kuniuliza, na ni swali la haki, kama hilo linawezekana katika chai. Nyanya ina wanunuzi wachache wanaojulikana kwa majina. Chai ya Kenya, ambayo zaidi ya nusu yake hutoka kwa wakulima wadogo, sehemu kubwa hupita kwenye mnada wa Mombasa, ambako majani ya nchi mbalimbali hununuliwa kwa mafungu na kuchanganywa kabla hayajafika kwenye pakiti. Mnywaji hawezi kujua kikombe chake kilitoka mteremko upi. Lakini chai ya mashamba makubwa haipiti yote kwenye kiza hicho. Filamu ilipotoka, Starbucks ilitangaza ndani ya siku chache kwamba inasimamisha kununua kutoka mashamba ya James Finlay ya Kenya. Walijua, basi, walikuwa wananunua kwa nani. Tatizo la hatua ile ni kwamba ilikuja kama adhabu ya ghafla, yenye kuumiza kwanza wale wale walioonewa, badala ya kuwa kifungu cha mkataba kilichokaa tayari, kinachomwambia mkulima mkubwa kabla ya kosa: chombo hiki huru kikiamua nawe ukikaidi, oda yako itapungua kwa kiasi hiki hadi utii.

Umiliki wenyewe umebadilika, na hili linaongeza haraka ya jambo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mashamba ya James Finlay ya Kenya yanauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka, huku asilimia 15 ikitengewa ushirika wa wenyeji. Mwaka 2024 kampuni iliyorithi chai ya Unilever, Lipton Teas and Infusions, nayo ilitangaza kuwauzia Browns mashamba yake ya Kenya, Tanzania na Rwanda. Wachuma chai wa kampuni mbili zilizokuwa jirani kwa karne nzima wanaingia chini ya mwajiri mmoja. Kwao, wa kulinganisha naye amepungua: zamani aliyeshindwa kwa huyu aliweza kuvuka barabara kwenda kwa yule. Na jina kubwa lililokuwa likiona aibu machoni mwa wateja wa Ulaya limejitoa shambani, likabaki mnunuzi. Mwenye mali mpya anaweza kuwa mwema kuliko wa zamani. Sitamhukumu kwa makosa ambayo si yake. Lakini wasimamizi wengi ni wale wale, mistari ni ile ile, na kwenye vijiji vya kampuni kila mtu anajua nani alifanya nini na bado anagawa kazi.

Ndiyo maana sidhani tungoje hiari ya kampuni yoyote. Kenya ina sheria ambayo ingeweza kufanya kazi hii. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya unyanyasaji wa kingono, iliyoandikwa baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Kifungu kinataja hata mambo yanayopaswa kuwa ndani ya sera: maana ya unyanyasaji, haki ya kila mfanyakazi ya kutonyanyaswa, wajibu wa kutomtaja mlalamikaji isipokuwa uchunguzi ukihitaji, na maelezo ya jinsi malalamiko yatakavyomfikia mwajiri.

Yatakavyomfikia mwajiri. Sheria yenyewe, kwa nia njema, imemwelekeza mwanamke wa Kericho kwenye mlango ule ule. Kwa duka la watu 25 mjini Nakuru, huenda inatosha. Mwenye duka anamwona muuzaji wake kila siku. Kwa shamba ambalo mwajiri ndiye mwenye nyumba, mwenye shule na mwenye hospitali, Bunge linaweza kuongeza aya moja: kwamba kwa mwajiri anayewaweka wafanyakazi wake kwenye makazi yake, wakizidi idadi fulani, malalamiko ya aina hii yapokelewe na chombo kisicho chake, kilichochaguliwa pamoja na chama na mashirika ya wanawake wa kaunti, kinacholipiwa na ada ya kila kilo inayouzwa, na ambacho uamuzi wake juu ya msimamizi unaufunga mkono wa kampuni hadi mahakama ya kazi iseme vinginevyo. Mwaka 2023, filamu ilipotoka, Bunge la Taifa liliagiza uchunguzi wa mashamba hayo. Wabunge wa kamati ya kazi wanaijua barabara ya kwenda Kericho, na kifungu cha 6 kina nafasi ya aya hiyo.